UZI: Namba yako haimo kwenye laini. Tuelewane kuhusu laini za kawaida na eSIM kabla hujanunua simu isiyo na trei

#1 Kipini

Habari za Jumamosi wakuu.

Hakuna wiki inayopita humu bila mtu kuuliza: "Shemeji kaniletea iPhone 14 kutoka Marekani, nimeizungusha pande zote sioni pa kuchomeka laini, nimepigwa?" Hujapigwa, hiyo inatumia eSIM, laini ambayo chipu yake imo ndani ya simu tayari. iPhone 14 za soko la Marekani zilitoka kiwandani mwaka 2022 bila trei, na matoleo yaliyofuata ya huko yamebaki hivyo hivyo. Sasa jambo limesogea karibu na kwetu. iPhone 17 zinazouzwa Imarati, Oman, Qatar, Saudia, Kuwait na Bahrain nazo hazina trei, na iPhone Air haina trei popote inapouzwa. Anayejua mizigo ya Kariakoo inapandia ndege wapi ataelewa kwa nini nimefungua uzi huu.

Nitaandika kwa vipande maana niko kazini. Mafundi mnaruhusiwa kuongezea.

Nianze na jambo ambalo likikaa sawa kichwani, mengine yote yanakuwa mepesi: namba yako ya simu haimo kwenye laini. Ile 07 au 06 unayowapa watu inaishi kwenye mitambo ya mtandao wako. Ipo nafasi ndani ya laini ya kuandika namba, ndiyo hiyo unayoiona ukifungua mipangilio, lakini ni maandishi tu. Ifute, andika namba ya mjomba wako, mtandao wala hautashtuka.

Kilichomo ndani ya laini ni vitu viwili vya maana. Cha kwanza ni IMSI, kitambulisho cha tarakimu zisizozidi 15. Tatu za mwanzo ni za nchi: Tanzania 640, Kenya 639, Uganda 641, Rwanda 635, Burundi 642, Kongo ya Kinshasa 630. Zinazofuata ni za mtandao, kwa mfano Vodacom Tanzania ni 04 na Safaricom ni 02. Zilizobaki ni zako. Cha pili ni ufunguo wa siri wenye urefu wa biti 128. Ufunguo huo upo sehemu mbili tu duniani: ndani ya laini yako, na ndani ya mtambo wa uhakiki wa mtandao wako. Wewe huujui, simu yako haiujui, na yule dada wa dukani aliyekuuzia laini haujui.

Na laini yenyewe ni kompyuta kamili, si kijikumbukumbu kama memori kadi. Ina prosesa, ina kumbukumbu, ina programu zake ndani. Hiyo dhahabu unayoiona ni vituo vya kupitishia umeme na data. Kimoja kinaleta umeme kutoka kwenye simu, kingine mapigo ya saa, kingine kinaamuru laini ianze upya, na kimoja ndicho njia ya mazungumzo yote.

#2 siti_ya_mbele

Nimeshakaa. Endelea mkuu.

#3 Kipini

Tuendelee. Unapowasha simu, inatafuta mnara na kujitambulisha kwa IMSI. Mtandao hauamini tu kwa sababu umetaja jina. Unatuma namba ndefu ya kubahatisha. Simu inaikabidhi kwa laini, laini inaichanganya na ufunguo wake ndani kwa ndani, halafu inatoa jibu fupi. Kule mtamboni nako wanapiga hesabu hiyo hiyo kwa nakala yao ya ufunguo. Majibu yakilingana, umeingia. Katika hesabu hiyo hiyo hupatikana ufunguo mwingine wa muda wa kuficha mazungumzo yako hewani. Ufunguo mkuu haujasafiri hata sentimita moja.

Baada ya hapo ndipo mtandao unafungua daftari lake: hii IMSI ni ya namba gani, ina bando gani, imezuiwa au la.

Sasa rudi kwenye kile tunachokiita kurenew laini. Laini imeibiwa, unakwenda dukani, unaweka kidole, unapewa kadi nyingine, baada ya muda namba yako ile ile inasoma. Watu wengi hudhani dada wa dukani "kaiandika" namba kwenye kadi mpya. Hakuandika kitu. Kadi mpya ilikuja na ufunguo wake kutoka kiwandani. Kilichofanyika ni mtandao kubadilisha mstari mmoja kwenye daftari: namba hii sasa iko chini ya kadi hii, ile ya zamani haina kazi. Ndiyo maana majina uliyohifadhi kwenye laini ya zamani hayarudi, na ndiyo maana mwizi aliyebaki na laini ya zamani amebaki na plastiki.

Shikeni hapo kwenye mstari mmoja wa daftari. Tutarudi.

#4 Bibi_Vocha

Mimi nauza laini miaka yote hii na sijawahi kuelezwa hivi. Ile namba ndefu nyuma ya laini tunayoiingiza kwenye mfumo wakati wa kurenew ndiyo hiyo IMSI?

#5 Kipini

Hapana, hiyo ni ICCID, namba ya kadi yenyewe kama bidhaa. Angalia, inaanza na 89, alama ya mambo ya simu duniani kote, kisha 255 kama ni ya Tanzania au 254 kama ni ya Kenya. Mfumo wenu unaijua kila kadi kwa ICCID yake, na humo humo unajua ina IMSI gani. Wewe unaingiza iliyochapwa, mfumo unajaza iliyofichwa.

#6 fundi_wa_ghorofani

Naongezea kuhusu ukubwa, maana kuna vijana wanadhani laini ilizaliwa hivi ilivyo. Laini za kwanza zilitengenezwa Munich, Ujerumani, mwaka 1991 na kampuni ya Giesecke & Devrient, zikauzwa 300 kwa mtandao wa Radiolinja wa Finland. Zilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, milimita 85.6 kwa 54! Unachomeka kadi nzima kwenye simu. Hata leo laini mpya unayonunua unaibandua kutoka kwenye kipande cha plastiki chenye ukubwa huo huo. Hilo ndilo umbo la babu yake.

Kisha ikaja ile ya milimita 25 kwa 15 tuliyoizoea kwenye vitochi, zile simu ndogo za vitufe. iPhone 4 ya 2010 ikaleta 15 kwa 12, iPhone 5 ya 2012 ikaleta hii nano, 12.3 kwa 8.8. Miaka ile tulikula hela ya kukata laini na kile kikata karatasi chetu. Chipu yenyewe ni ndogo mno, imekaa katikati chini ya dhahabu, kwa hiyo ukikata pembeni hauigusi. Nano ndiyo ilikuwa inatuumbua kwa sababu ni nyembamba kidogo pia, ukiilazimisha inakwama kwenye trei na unaondoka na vipini vya ndani.

#7 siti_ya_mbele

Umenikumbusha mbali fundi. Kulikuwa na kile kifuniko cha kurudishia laini iliyokatwa ikae kwenye kitochi, kikipotea ndani ya simu hakitoki tena.

#8 fundi_wa_ghorofani

Nimevitoa vingi kwa koleo, na vipini vya simu vikaja navyo.

#9 Kipini

Haya, eSIM.

Ukielewa kwamba laini ni chipu yenye ufunguo, swali linalofuata ni jepesi: kwa nini chipu hiyo iletwe na mtandao? Kwa nini kiwanda cha simu kisiweke chipu tupu kwenye bodi, halafu mtandao ulete ufunguo tu? Ndiyo eSIM hiyo. Chama cha kampuni za simu duniani, GSMA, kilitoa utaratibu wake kwa vifaa vya watu wa kawaida mwaka 2016. Saa ya Samsung Gear S2 ilitangulia, Google Pixel 2 ikafuata 2017, iPhone XS na XR zikaja 2018.

Chipu hiyo inatoka kiwandani na kitambulisho chake, EID, tarakimu 32. Ndani yake kuna vyeti vya siri vya kuithibitisha kwamba ni chipu halali. Haina mtandao wowote.

Unakwenda dukani, unasajiliwa kwa kidole kama kawaida, unapewa karatasi yenye msimbo wa QR. Watu wanaogopa msimbo ule kana kwamba laini imo humo. Haimo. Ni risiti ya mzigo wa basi: unakwenda nayo stendi kuchukua mzigo, mzigo wenyewe haumo kwenye karatasi. Ndani ya QR kuna anwani ya seva na neno la kuchukulia. Simu inaingia intaneti, inaifikia ile seva, seva na chipu wanakaguana vyeti, kisha seva inaifunga profaili yako kwa namna ambayo chipu yako peke yake ndiyo inaweza kuifungua. Profaili hiyo ina IMSI, ina ufunguo, ina kila kitu kilichokuwa kwenye kadi ya plastiki. Ikishatua, simu inaingia mtandaoni kwa maswali na majibu yale yale niliyoeleza juu. Mnara hautofautishi.

Mambo matatu yanatoka hapo moja kwa moja. Lazima uwe na intaneti nyingine wakati wa kushusha, waifai au bando la simu ya jirani, kwa sababu laini yenyewe bado haipo. QR kwa kawaida ni ya mara moja, ikishatumika haina thamani. Na QR ambayo bado haijatumika usimpigie mtu picha na kumtumia kwenye kundi la WhatsApp, maana atakayeiwahi ndiye mwenye laini.

#10 Mkazi_wa_Darajani

Ahsante. Huku Unguja wageni wanashuka uwanja wa ndege simu ishakamata mtandao, hawauliziki tena laini. Hizo wananunua wapi?

#11 Kipini

Mtandaoni, kabla hawajapanda ndege. Kuna kampuni zinazouza profaili za safari. Nyingi ni za data tu, hazina namba ya kupigiwa. Mgeni anaacha laini yake ya nyumbani ikiwa hai kwa ajili ya ujumbe wa benki, data inapita kwenye eSIM ya safari, WhatsApp inabaki na namba ile ile aliyojisajili nayo. Mara nyingi profaili hiyo ni ya mtandao wa nchi nyingine kabisa unaotumia minara ya hapa kwa makubaliano, kwa hiyo usishangae ukimwona mgeni ana intaneti ya hapa lakini simu yake inaonekana kana kwamba iko Ulaya.

Wanaoumia ni vijana waliokuwa wanauza laini pale nje ya uwanja. Hilo silipambi.

#12 Muscat_Dar

Assalaam alaykum. Mimi niko Muscat, na hii ndiyo faida niliyoiona. Nina laini ya Oman na ya Tanzania kwenye simu moja. Zamani nilikuwa natembea na kitochi kwa ajili ya ile namba ya nyumbani, kwa sababu benki na pesa za simu zote zimefungwa kwenye namba hiyo. Swali langu: nikiwa naongea kwenye laini ya Oman, wa nyumbani wananiambia sipatikani. Tatizo la eSIM?

#13 Kipini

Waalaykum salaam. Si tatizo la eSIM, hata ungekuwa na kadi mbili za plastiki ingekuwa hivyo. Simu nyingi zetu zina laini mbili lakini redio moja. Zote mbili zinasubiri kwa zamu, na moja ikishika mazungumzo, nyingine inapoteza mnara hadi umalize. Baadhi ya simu mpya zinaweza kupokea simu ya laini ya pili kupitia intaneti ya laini ya kwanza, lakini mtandao wako lazima uwe umeruhusu. Na usisahau kuitumia hiyo laini ya nyumbani mara kwa mara hata kwa kununua salio. Laini iliyokaa muda mrefu bila kazi, mtandao unaweza kuifunga na namba akapewa mwingine.

Kwa wenye laini tatu na nne, na tuko wengi: simu zinahifadhi profaili nyingi, iPhone nane au zaidi, lakini zinazofanya kazi kwa wakati mmoja ni mbili. Zisizo na trei, kuanzia 14, zinawasha eSIM mbili pamoja.

#14 Nairobi_Magharibi

Sisi huku Kenya M-PESA ilianza kwenye menyu ya laini tangu Machi 2007, haikuwa ya kupiga nyota. Hiyo menyu ilikuwa ndani ya simu ama ndani ya laini?

#15 Kipini

Ndani ya laini. Nilisema ni kompyuta, hiyo ndiyo programu yake iliyopata umaarufu kuliko zote. Kitochi cha bei ya chini kabisa kilionyesha menyu ya kutuma pesa kwa sababu laini iliiambia simu "onyesha orodha hii, uliza kiasi, uliza namba ya siri", halafu laini ikafunga majibu na kuyapeleka kama ujumbe. Watu walilazimika kubadilisha laini za zamani kupata menyu hiyo. Tanzania Vodacom walipoileta 2008 tukazoea *150*00#, na hiyo ni njia nyingine: menyu inakaa mtamboni, laini haina habari. Kwa hiyo ukihamia eSIM huku kwetu, menyu za nyota zinabaki kama zilivyo.

#16 mpinga_kila_kitu

Mnapiga debe tu. Hii eSIM ni ujanja wa kampuni kutufunga. Leo chaji ikiisha natoa laini, naiweka kwenye kitochi cha mama, maisha yanaendelea. Hiyo eSIM utaitoa na kipini gani?

#17 Kipini

Mkuu hapo upo sahihi, na ndiyo sababu sikufungua uzi kumwambia kila mtu ahamie. Kwa mtu anayeishi sehemu umeme unakatika, simu yake janja ni moja na vitochi vya nyumbani ni vitatu, laini ya plastiki ni bora. Hakuna kitochi cha kawaida chenye eSIM. Kioo cha simu kikivunjika huko Nachingwea, mwenye plastiki anahamisha kwa sekunde, mwenye eSIM anatafuta duka la mtandao. Ipo njia ya kuhamisha eSIM kutoka simu hadi simu, iPhone wanayo tangu iOS 16, lakini inategemea mtandao wako umekubali, na inategemea simu ya zamani iwe inawaka.

Kwa maoni yangu, mwenye simu ya trei moja pamoja na eSIM aweke laini ya pesa kwenye plastiki, ya bando kwenye eSIM. Wakala ndiyo kabisa. Laini ya uwakala usiipeleke kwenye chipu isiyotoka.

Ila hapo kwenye kutufunga, punguza. eSIM si lazima iwe imegandishwa kwenye bodi. Kuna kadi za plastiki za nano zenye chipu ya namna hiyo hiyo ndani: unaichomeka kwenye simu isiyo na eSIM, unashushia profaili humo kwa programu, ukitaka unaitoa na kuihamisha. Kinachoifanya iwe eSIM ni uwezo wa kupokea profaili na kuifuta.

Na kwenye kufuta hapo, sikilizeni. Ukifuta profaili, umefuta ufunguo. Haurudi kwa kuwasha na kuzima, wala kwa kuskani QR ya zamani. Unapomfutia mtu simu ili umuuzie, simu itakuuliza: nibakize eSIM au nizifute? Unayeuza, futa. Unayefuta ili simu iwe nyepesi na utaendelea nayo, bakiza.

#18 Bibi_Vocha

Mteja wangu alifuta vyote, akaja dukani analia, na ofisi yenyewe siku hiyo mfumo uko chini. Kakaa bila namba siku nzima.

#19 dereva_wa_usiku

Mimi nataka kujua moja tu. Wanasema eSIM haiibiki, mwizi hawezi kuitoa. Kweli?

#20 Kipini

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayoliza watu.

Nusu ya kweli: mwizi wa simu yako kitu cha kwanza anachofanya ni kuchomoa laini. Kwa eSIM hawezi, hivyo simu ikiwa inawaka inaendelea kuonekana na unaweza kuitafuta. Faida nyingine kubwa zaidi haisemwi sana. Laini ya plastiki akiichomoa anaiweka kwenye kitochi chake, na sasa namba zote za uthibitisho zinazotumwa kwa ujumbe zinamfuata yeye. Anafungua WhatsApp yako, anajaribu kubadili nywila ya barua pepe, anaanza na "mambo, nisaidie elfu hamsini". Nywila ya kioo cha simu yako haikusaidii kitu, kwa sababu laini imetoka nje ya simu.

Dawa ya hilo ipo kwenye laini yenyewe tangu zamani, na karibu hakuna anayeitumia: PIN ya laini. Si PIN ya simu, wala si ya pesa. Ukiiwasha, kila simu inapozimwa na kuwashwa, au laini inapohamishwa, inadai tarakimu hizo kabla haijafanya kazi. Ukikosea mara tatu inajifunga na kutaka PUK, ile iliyochapwa kwenye kipande kikubwa cha plastiki ulichokitupa. PUK ukikosea mara kumi kadi imekufa, nenda karenew. Mwizi hawezi kubahatisha tarakimu nne kwa majaribio matatu. Kabla ya kuiwasha tafuta PIN ya sasa na PUK yako kwa mtandao wako, usianze kubahatisha wewe. PIN hii ipo kwenye eSIM pia.

Nusu isiyo kweli: ule mstari mmoja wa daftari. Tapeli mkubwa hahitaji simu yako wala laini yako. Anahitaji mtu wa kubadilisha mstari ule. Anakusanya taarifa zako, namba ya NIDA, jina la mama, muamala wa mwisho, mara nyingi wewe mwenyewe umempa kwa simu akijifanya huduma kwa wateja. Kisha anapata wakala mzembe au mfanyakazi mla rushwa, namba yako inahamishiwa kwenye kadi yake. Hapo uwe na plastiki, uwe na eSIM, uwe na simu ya milioni nne, ufunguo wako haujaguswa na bado umepoteza namba. Usajili wa alama za vidole ulioanza Mei 2019 umefanya kazi hiyo iwe ngumu kuliko zamani, lakini kidole kinasomwa na mashine iliyoshikwa na binadamu.

Dalili ni moja: mtandao unapotea ghafla mahali ambapo wenzako wanapata, na kuzima na kuwasha hakusaidii. Usilale ukisubiri urudi. Azima simu, piga huduma kwa wateja, zuia namba na pesa. Na pigeni *106# mjue ni laini ngapi ziko chini ya kitambulisho chenu.

#21 dereva_wa_usiku

Nimepiga hapa, naona namba mbili sizijui kabisa.

#22 Kipini

Nenda dukani na kitambulisho zikaondolewe. Kesho, si wiki ijayo. Zikitumika kutapeli, anayetafutwa ni wewe.

#23 mpinga_kila_kitu

Na huo ufunguo wa biti 128, haujawahi kuibwa? Msitudanganye.

#24 Kipini

Umejaribiwa. Mwaka 1998 watafiti huko Marekani walionyesha kwamba hesabu iliyotumiwa na laini nyingi wakati ule, COMP128, ilikuwa dhaifu kiasi kwamba ukiwa na kadi mkononi na saa kadhaa za kuihoji, ufunguo unatoka na unatengeneza pacha wake. Ndiyo asili ya hadithi za laini pacha. Laini za siku hizi hazitumii hesabu hiyo.

Februari 2015 ikatoka habari nzito zaidi kutoka kwenye nyaraka za Snowden, yule Mmarekani aliyevujisha siri za ujasusi: mashirika ya kijasusi ya Uingereza na Marekani yaliingilia Gemalto, mojawapo ya viwanda vikubwa vya laini duniani, wakiwinda funguo wakati zinatumwa kutoka kiwandani kwenda kwenye mitandao. Gemalto wakakiri kwamba huenda walishambuliwa 2010 na 2011, wakakataa kwamba funguo ziliibwa kwa wingi. Na Julai 2025 watafiti wa Poland walionyesha udhaifu kwenye chipu za eSIM za kampuni moja, uliotokana na profaili ya majaribio iliyoachwa wazi. Ukarabati ukatolewa.

Kuna udhaifu mwingine ambao si wa laini. Katika 2G, mtandao wa kizazi cha pili, mnara unaihoji laini lakini laini haiuhoji mnara. Mtu mwenye mnara bandia anaweza kuivuta simu yako ikamwamini. Kuanzia 3G uhakiki ni wa pande mbili, mnara nao lazima uthibitishe kwamba unaujua ufunguo. Baadhi ya Android zina kitufe cha kuzima 2G. Ukiwa mjini kizime. Ukiwa kijijini kwenye 2G pekee, kiache, maana hutapata hata simu ya msiba.

#25 Mkazi_wa_Darajani

Somo limeingia. Mie nina simu ya mkononi ya kawaida ya Android, nitajuaje kama ina hiyo eSIM? Muuzaji kasema "inayo bila shaka".

#26 Kipini

Bonyeza *#06#. Itatoa IMEI, namba ya utambulisho ya simu yenyewe, na kama ina eSIM itatoa na EID, ile namba ndefu ya tarakimu 32. Hakuna EID, hakuna eSIM, hata muuzaji aape. Angalia na soko simu ilikotengenezewa. iPhone nyingi za China bara zina nafasi mbili za plastiki na hazina eSIM kabisa, wakati ile ile ya Marekani ni kinyume chake.

#27 kijana_wa_Mbagala

Wakuu samahani, niko dukani Kariakoo sasa hivi, iPhone 14 ya Marekani, bei imenilegeza. EID ipo. Ila kwenye mipangilio, sehemu ya Kuhusu, inaonyesha imefungwa kwa mtandao wa Marekani. Jamaa anasema nisijali, ataniwekea ile chipu nyembamba inayokaa chini ya laini ndiyo inafungua. Nilipe?

#28 Kipini

Muulize hiyo chipu ya kukaa chini ya laini ataiweka wapi.

#29 kijana_wa_Mbagala

Nimemuuliza. Anaizungusha simu anatafuta trei.

#30 fundi_wa_ghorofani

Toka hapo mdogo wangu, hela ikiwa bado mfukoni. Simu iliyofungwa haitapokea profaili ya mtandao wa kwetu mpaka mtandao ulioifunga uifungue. Ukitaka ya trei, njoo ghorofa ya pili, nina 13 mbili.